Hoja ya "hupotezi kitu" ina kasoro ya hesabu

Mhariri,

Wahubiri wa stendi na wa kwenye simu wanaipenda sana hoja hii: ukiamini na Mungu yupo, umepata pepo, ukiamini na hayupo, hujapoteza kitu. Ni hoja kongwe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu kwa namna hiyo waliokana akhera. Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662) ndiye aliyeiwekea hesabu, na hesabu hiyo wahubiri wetu huiruka.

Mwaka 1654 Pascal na mwanahisabati mwenzake Fermat waliandikiana barua kuhusu kamari iliyokatizwa kabla ya kwisha: dau ligawanywe vipi? Humo ilimea kanuni ya kuzidisha faida kwa uwezekano wa kuipata. Katika maandishi yaliyotoka 1670, Pascal akiwa keshafariki, kanuni hiyo inaelekezwa kwa Mungu: kuamini ni kama kuweka dau. Pepo haina mwisho, kwa hiyo hata uwezekano mdogo kiasi gani, mradi si sifuri, unatoa faida isiyo na mwisho. Gharama ina kikomo. (Gharama ipo: sadaka, saumu, muda. "Hupotezi kitu" ni chumvi.)

Tatizo ni huko kukosa mwisho. Mtu akirusha sarafu, ikilala upande huu aamini, ikilala upande wa pili asiamini, nusu ya kisicho na mwisho bado haina mwisho. Kwa hesabu hiyo, mrusha sarafu yuko sawa na mcha Mungu! Tuweke basi namba yenye kikomo: pepo iwe 1,000,000, gharama 500. Uwezekano ukiwa 1 kwa 100, unatarajia 10,000, na dau linalipa. Ukiwa 1 kwa 10,000, unatarajia 100 tu, umekula hasara. Hapo tumerudi kwenye ushahidi, ambao dau lilidai kuupita.

Tena, Mungu yupi? Mwanafalsafa Mfaransa Diderot alikwisha kusema kwamba imamu naye anaweza kuitumia hoja ile ile. Katika miji yetu, ambako msikiti na kanisa vinatazamana, jedwali la "yupo" na "hayupo" halitoshi. Kila upande una pepo yake na onyo lake, na hesabu haichagui.

Isitoshe, mtu haamini kwa kuamua. Nikikuahidi shilingi milioni uamini kuwa mvua inanyesha huku jua linawaka, utasema unaamini, basi. Pascal alilijua hilo, na hapa namtetea: alimshauri mwenye shaka aanze na matendo, maji ya baraka na misa, moyo utafuata. Ushauri huo una mantiki. Mgonjwa mwenye shaka na dawa anaweza kuinywa kwa busara; kinachohalalishwa ni kunywa, si kutangaza kwamba itaponya. Mwanafalsafa Mmarekani William James, mwaka 1896, aliruhusu zaidi ya hapo, yaani kuamini kwenyewe, ila kwa masharti: chaguo liwe hai kwa mhusika, lisikwepeke, liwe zito, na ushahidi wenyewe usiweze kuamua.

Kwa hiyo wahubiri waseme "njoo usali, usome, uulize," na hoja itasimama. Anayeng'ang'ania "amini usije ukajuta" atutajie kwanza uwezekano anaoukadiria, na ameupata wapi.

Msomaji wenu,
Morogoro