Pangani haikuwa pori

Kwako Mhariri,

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye mkutano kuhusu ujenzi mpya wa mtaa wetu wa Shauri Moyo, hapa Nairobi. Afisa mmoja kijana alitueleza vizuri habari za maghorofa na lifti, kisha akasema kuwa kabla ya nyumba hizi kujengwa, babu zetu hawakuwa na kwao, na kwamba huku kote palikuwa pori tu. Wazee wakainamisha vichwa. Nilinyoosha mkono lakini muda ukawa umekwisha, kwa hivyo naomba nafasi gazetini mwako.

Babu zetu walikuwa na kwao. Kwao ni Pangani, hapa hapa Nairobi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na wapagazi, askari, wapishi, mafundi na wachuuzi wakaja nayo. Hawakungoja kujengewa. Walijijengea vijiji kandokando ya mji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa. Pangani ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Nyumba zilikuwa za udongo, vyumba vikitazamana, ukumbi ukipita katikati hadi uani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Na wenye nyumba hawakuwa wanaume pekee. Wanawake ambao makwao wasingerithi hata kipande cha shamba walisimamisha nyumba Pangani kwa pesa zao wenyewe, wakakusanya kodi na kulea watoto.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na vyumba sita.

Mji ulipopewa hadhi ya manispaa mwaka 1919, wakubwa wa kikoloni walitaka Waafrika wote wakae mahali pamoja. Ndipo Pumwani ikapimwa viwanja mwanzoni mwa miaka ya 1920, na vijiji vikaanza kuvunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ilikuwa ya mwisho kuanguka, mwaka 1939. Watu wakaletwa hapa Shauri Moyo, kwenye nyumba za manispaa, na Pangani walikohama pakaja kuwa makazi ya Wahindi. Aliyelala mwenye nyumba akaamka mpangaji.

Nyanya aling'oa mlango wake wa mbele akaja nao. Kufika huku, ukakataa kuingia kwenye fremu. Ulikuwa mpana mno. Akautilia miguu ukawa kitanda. Sisi wajukuu tulilala juu ya mlango wa Pangani miaka yetu yote ya shule ya msingi, na komeo lake la chuma likitugusa mbavuni. Mama alipotaka kuling'oa, nyanya alikataa katakata.

Mtaa wa Kariokor una bahati, maana jina lake, lililotokana na "Carrier Corps", bado linasimulia habari za wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, kwa yeyote anayeuliza. Lakini nani leo akipita Kileleshwa, mtaa wa wenye nazo, anajua palikuwa kijiji cha watu wa kawaida? Na Pangani je? Wengi wanajua barabara kuu ya Thika na foleni zake. Juzijuzi hata nyumba za zamani za baraza la jiji pale zimebomolewa, maghorofa yakapanda. Ni mara ya pili kwa Pangani kubomolewa.

Sipingi nyumba mpya. Mabomba yetu yameoza na vyoo tunavijua wenyewe. Ninachoomba ni kwamba kabla tingatinga halijafika huku, kaunti na Makavazi ya Taifa watume watu wenye vinasa sauti waje kuketi na wazee wetu. Waliobebwa mgongoni siku ya kuhama wanakaribia miaka 90, na mwaka huu pekee tumezika wawili. Waulizwe nyumba ya nani ilikuwa wapi, msikiti ulikuwa upande gani, kisima kilikuwa cha nani. Tena Pangani pawekwe kibao chenye majina ya vijiji vyote vitano na miaka yake, kwa Kiswahili, lugha iliyovipa vingi kati yake majina hayo.

Mlango wa nyanya ninao bado, na komeo lake. Makavazi wakiutaka nitawapa bila kudai hata senti. Waje tu na gari na vijana wanne, kwa kuwa ni mzito.

Mkazi wa Shauri Moyo,
Nairobi