Asante, fundi usiyetaja jina

Ndugu, sijui nikuite kaka au dada, lakini asante sana kwa maelezo yako juu ya video za simu ambazo sauti inaachana na midomo. Mwanzoni klipu iko sawa; ikifika dakika ya 10, neno linasikika mdomo umeshafumba. Wengi hulaumu maikrofoni bure. Wewe ulionyesha chanzo: simu haishiki idadi moja ya fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Mwanga ukipungua, zile 30 kwa sekunde hushuka, na baadhi ya programu za kuhariri zinahesabu kana kwamba ni 30 daima. Ukiifungua klipu kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili la video, utakuta imeandikwa "Variable", yaani idadi ya fremu inabadilika.

Dawa ni mstari mmoja wa amri ya ffmpeg, programu ya kubadilisha video, unaoifanya klipu ishike fremu 30 daima, kabla ya kuanza kuhariri:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -ar 48000 mpya.mp4

Hiyo 18 baada ya -crf ndiyo ubora. Ukiipandisha hadi 28 faili linapungua sana, ila nyuso zilizo kivulini zinaanza kufanya vibokisi. Na shukrani za pekee kwa lile onyo: usifute faili la asili mpaka usikilize klipu mpya hadi sekunde ya mwisho. Mungu akuzidishie.