Mstari mwekundu hauoni kosa la "it's"

Ndugu Mhariri,

Makosa ya tahajia ya Kiingereza yanayokera zaidi katika barua za kazi, matangazo na hata vichwa vya habari si ya maneno magumu. Ni ya maneno mafupi yanayojulikana na kila mtu, nayo hupenya kwa sababu waandishi wameuachia mstari mwekundu wa kompyuta kazi yote. Kisahihishi cha kawaida hulinganisha kila neno na orodha yake. "Loose" limo katika orodha hiyo, basi hulipitisha hata pale mwandishi alipokusudia "lose".

Sugu kuliko yote ni "it's" kukaa mahali pa "its". Ritifaa, yaani alama ('), hapo hushika nafasi ya herufi zilizodondoshwa: "it is" au "it has". Lisome neno kwa kirefu ndani ya sentensi. "The company lost it is licence" haisomeki, kwa hiyo ritifaa iondoke. Wengi hupotoshwa na nomino, maana "the teacher's book" huonyesha umiliki kwa ritifaa, wakadhani viwakilishi navyo hufuata njia hiyo. Havifuati: "his", "hers", "ours", "theirs" na "its" huandikwa bila ritifaa. Kipimo hicho hicho hutenganisha "you're" na "your", "they're" na "their".

"Could of" ni kosa la sikio, kwani "could've" hutamkwa karibu vivyo hivyo. Andika "could have", basi.

Kwa maneno marefu, tazama kilichomo ndani. "Definitely" limebeba "finite", kwa hiyo "definately" haina msingi. "Accommodation" lina c mbili na m mbili. Kanuni ya i kabla ya e isipokuwa baada ya c ishikwe kwa tahadhari: inafaa kwa "receive" na "ceiling", inavunjika kwa "seize" na "weird".

Ombi langu kwa meza yako ni hili: kabla ya ukurasa kwenda mtamboni, mtu mmoja abonyeze Ctrl na F, atafute "it's", "its", "your", "their" na "loose", asome kila sentensi inayojitokeza. Pia chagueni mtindo mmoja. Uingereza huandika "practice" kwa nomino na "practise" kwa kitenzi. Marekani hutumia "practice" kwa yote mawili. Kuchanganya mitindo hiyo ndani ya habari moja kunamfanya msomaji makini aitilie shaka hata tahajia iliyo sahihi.

Msahihishaji wa miswada