Barua ya wazi kwa Baba Paroko: kabla ya kuwaita walioacha kusali, tuangalie kwanza dirisha la ofisi

Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika hapa mbele ya watu kwa sababu haya ninayotaka kusema hayakuhusu wewe peke yako, yanaihusu halmashauri ya walei (waumini wasio mapadre wala watawa), makatekista, viongozi wa jumuiya ndogondogo za mitaani na sisi tunaokaa benchi lilelile kila Jumapili mpaka mgeni akilikalia tunamwangalia kama kaingia chumbani kwetu. Umetangaza kampeni ya kuwarudisha waumini walioacha kuja kanisani na mi nimefurahi, sio utani. Ila naomba unisikilize kidogo kabla fulana hazijaanza kuchapwa, maana naona kamati ya fulana imeshaundwa, kamati ya kutembelea watu bado.

Tangazo lilisema tunakwenda "kutafuta kondoo waliopotea". Sawa, ni Injili, Luka 15, nani apinge. Lakini fikiria mtu aliyeacha kuja tangu kipindi cha korona, ule mwaka 2020, akazoea misa ya kwenye simu, baadaye hata ya simu akaacha, mwaka ukapita, ukaja mwingine, na sa hivi hana ugomvi na Mungu wala na wewe, ana aibu tu. Huyo ukimtangaza kanisani kuwa kapotea, ndugu zake waliopo misani wanamfahamu, na kabla jua halijazama kashapata meseji "Padre leo kakusema". Hapo tumemrudisha au tumemfungia mlango na komeo juu? Halafu tuisome hiyo Luka 15 mpaka mwisho. Yule mwana mpotevu alikuwa ameandaa maneno yake vizuri, alitaka amalizie kwa kuomba afanywe kama mmoja wa vibarua, na baba yake hakumwacha afike huko, alikuwa ameshamkimbilia, ameshambusu, anaagiza watu walete vazi. Aliyedai hesabu ni kaka mtu.

Na hapohapo niseme la Krismasi, naomba usinichukie. Ule utani wa "wageni wetu wa mwaka mzima, tutaonana tena Pasaka" uachwe. Wanaosali kila wiki wanacheka sana, najua, kanisa linachangamka, lakini yule aliyejikaza akaja siku hiyo moja hacheki, anaangalia viatu vyake.

Sasa nije kwenye dirisha la ofisi maana hapo ndo moyo wangu ulipo. Kuna siku nilisimama kwenye foleni ya ofisi ya parokia moja, sitaitaja, mbele yangu kuna kaka mmoja kabeba mtoto mchanga, anauliza taratibu za ubatizo. Hakuulizwa jina la mtoto. Aliulizwa anatoka jumuiya gani, akababaika, basi daftari likavutwa, kidole kikaanza kushuka kwenye majina, ukurasa ukafunuliwa, kidole kikashuka tena, kisha akaambiwa "hapa huonekani". Mtu kasimama pale mzimamzima, mtoto mkononi, anaambiwa haonekani! Akaelezwa kwamba kwanza amalize michango ya nyuma, alete barua ya mwenyekiti wa jumuiya, ndo aje tuongee. Alijibu "sawa, asante" kwa adabu kabisa, akaondoka, na mi naapa yule hakuwa amekuja kwa ajili ya ubatizo tu, mtu wa namna ile huwa anatafuta pa kuingilia, na mtoto ndo alikuwa sababu nzuri kuliko zote.

Sipingi zaka, naomba nisieleweke vibaya. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 222, inasema wazi waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, na bili ya umeme hailipwi kwa rozari. Lakini sheria hiyohiyo ya mwaka 1983, kanuni ya 848, inasema mhudumu wa sakramenti asidai kitu zaidi ya kile kilichopangwa na wenye mamlaka, na aangalie siku zote kwamba wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kwa mazishi ipo nyingine, ya 1181, maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Papa Fransisko mwaka 2013 alilisema kwa lugha nyepesi, kwamba Kanisa si kituo cha kutoza ushuru. Ubatizo wa mtoto una masharti yake, walau mzazi mmoja akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa Kikatoliki, hiyo ni kanuni ya 868, na tumaini hilo unalipima kwa kukaa na mzazi mkaongea, sio kwa kidole kwenye daftari. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo sana, daftari litoke mezani likae kabatini, na anayekaa dirishani aanze na "karibu, habari za nyumbani, tukusaidie nini". Michango itaongelewa siku nyingine, mtu akishakuwa na kiti.

Tena Baba, hii kazi ya kuwafuata waliolegea si hisani ya mtu mwenye moyo mzuri. Kanuni ya 528 inamtaka paroko ajitahidi kwa kila njia, akisaidiwa na waamini, Injili iwafikie hata walioacha kuishika dini, na ya 529 inakutaka uzijue familia, uzitembelee, uwatafute kwa bidii ya pekee maskini, wagonjwa, wapweke. Hapo pa "akisaidiwa na waamini" ndo pa kwetu, hatuwezi kukuachia peke yako halafu tukulaumu kwamba hutembelei watu wakati kila jioni tumekuitia vikao.

Kuungama pia tupaangalie. Kwenye ubao wa matangazo imeandikwa "kwa makubaliano na Padre". Jamani, mtu hajaungama miaka na miaka, hata ile sala ya kutubu kaisahau katikati, unamwambia apige simu apange miadi? Hatapiga. Kanuni ya 986 inataka ziwepo siku na saa zilizopangwa kwa kuwafaa waamini. Zile dakika chache kabla ya misa hazimfai, kwa sababu foleni yote inamjua na ana hofu kwamba kila mtu nyuma yake anahesabu muda aliokaa ndani. Tafuta jioni moja ya katikati ya wiki, baada ya saa za kazi, mwalike padre wa parokia nyingine ambaye hamjui mtu hata mmoja, taa ziwake, asiwepo mtu wa kuandikisha majina. Si jambo geni, tangu 2014 kuna zile saa 24 kwa ajili ya Bwana, Ijumaa na Jumamosi kuelekea Jumapili ya nne ya Kwaresma, makanisa yanakaa wazi watu wanaungama na kuabudu. Sisi tunaweza kuanza na saa mbili tu.

Kuhusu ndoa sitasema mengi, ila ndo sababu ya wengi kukaa mbali na wengi wao hawajawahi kueleweshwa hali yao. Kuna wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa na hakuna kizuizi chochote, wanadhani lazima kwanza wawe na hela ya sherehe. Waambiwe kuwa ndoa ni padre au shemasi, maharusi na mashahidi wawili, sherehe ni hiari yao. Kuna waliofunga ndoa ikavunjika wakaanza maisha na mtu mwingine, na hawajui kama mahakama ya kanisa ipo, wala kwamba mwaka 2015 utaratibu wa kuchunguza ubatilifu wa ndoa, yaani kama haikuwa ndoa halali tangu mwanzo, ulirahisishwa, hukumu ya pili ya kuthibitisha ile ya kwanza haihitajiki tena. Si kila kesi itafanikiwa, na asiahidiwe mtu. Lakini mtu apewe saa yako moja umsikilize kabla hajahukumiwa na kamati.

Hapa ndo naingia kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote. Wengi hawatarudi kwa kuitwa kwenye semina, watarudi kwa kuombwa msaada. Kuna fundi umeme mmoja ninayemfahamu, alikuwa hasali kabisa, nyumba yake na kanisa ukuta kwa ukuta. Spika zilipoanza kukoroma kila ukifika wakati wa mageuzo, pale padre anapogeuza mkate na divai, katekista akamfuata, hakumwambia habari za wokovu wala nini, akamwomba aje aangalie waya. Akaja na bisibisi mfukoni, akakuta maiki ya altare imeunganishwa na waya uliofungwa kwa mfuko wa nailoni, akacheka sana, akasema "nyie mnamsikiaje Padre?" Akatengeneza. Wiki iliyofuata karudi kuhakikisha kama inashika, na kuhakikisha ilibidi misa iwe inaendelea, kwa hiyo alikaa sakristia mpaka mwisho. Akawa anakuja. Siku moja akamuuliza katekista padre anapatikana lini peke yake.

Unajua nini kilifuata? Mzee mmoja wa halmashauri akainuka kikaoni akasema huyo hana ndoa, haruhusiwi kugusa vyombo vya kanisa. Vyombo vya kanisa vyenyewe ni waya na spika! Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981, tena akiwazungumzia walioachana na kuoa au kuolewa tena, kwamba ingawa hawapokei Komunyo wasijione wametengwa na Kanisa, wahimizwe kusikiliza Neno, kuhudhuria misa, kudumu katika sala na kushiriki matendo ya mapendo. Mimi na yule mzee nani tuwe wakali kuliko Papa?

Frédéric Ozanam na wenzake walipoanza kule Paris mwaka 1833, yeye akiwa na miaka 20, walikuwa wameulizwa swali la kuudhi, kwamba Kanisa lenu siku hizi linafanya nini. Jibu lao lilikuwa kwenda nyumbani kwa maskini, na mpaka leo Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kinafanya kazi hiyohiyo ya kutembelea watu. Wawili wanagonga mlango, wanakaa, wanasikiliza. Kazi kama hiyo haihitaji mtu aliyemaliza mafundisho yote, mpange aliyerudi juzi pamoja na mama mzoefu, waende kwa mgonjwa ambaye hajaona mgeni muda mrefu, wamfulie, wamchotee maji, wamsomee barua, chochote kilichopo. Ila tahadhari moja, Baba, na hii naiweka kwa herufi kubwa moyoni: tusiite huduma kitu ambacho ni kamati ya kuchangisha. Mtu karudi Jumapili, Jumatatu kapewa bahasha kumi za ujenzi agawe, huyo hatumuoni tena. Na asisimamishwe mbele atoe ushuhuda akiwa bado hajajua hata choo kiko upande gani.

Basi naomba kikao kijacho cha halmashauri kiwe na ajenda tatu tu, dirisha la ofisi, jioni ya maungamo, na orodha ya wagonjwa na wapweke ambao hawatembelewi. Fulana zisubiri. Kama orodha hiyo haipo, viongozi wa jumuiya wanaweza kuileta kabla ya kikao, wanawajua wote. Dirishani mimi najitolea kukaa siku utakazonipangia, kupokea watu tu, daftari sitaligusa. Na ukiona nimekosea mahali unijibu hapahapa, wala sitanuna.

Wako katika Kristo,
muumini wa benchi la nyuma, upande wa kwaya