Barua kwa Haji kuhusu rili ya Miss McLeod

Galway, 9 Februari 2024

Ndugu yangu Haji,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, nimeupata waraka wako unaoniuliza asili ya ile lahani iitwayo hapa Ayalandi "Miss McLeod's Reel" (rili ni muziki wa haraka wa kuchezea ngoma), na kwa nini katika rekodi tatu nilizokutumia hakuna mbili zinazofanana. Umesema unataka kuipiga kwa fidla yako "kama ilivyo hasa", na neno hilo ndilo lililonikalisha kitako kukuandikia.

Waayalandi huihesabu kuwa yao, wala siwalaumu, kwani wameipiga vizazi na vizazi. Lakini chapa ya zamani ninayoijua ni ya Uskoti, katika mkusanyiko wa tano wa akina Gow wa mwaka 1809. Niel Gow, fundi mkubwa wa fidla, alikuwa amekwisha fariki mwaka 1807, na kazi ikaendelezwa na mwanawe Nathaniel. Humo lahani inaitwa "Mrs McLeod of Raasay", yaani bibi wa kisiwa kidogo cha Raasay kilicho ubavuni mwa kisiwa kikubwa cha Skye huko Uskoti, na imeelezwa kuwa ni rili ya asili ya Skye iliyoletwa na Bwana McLeod. Angalia basi: hata aliyeichapisha hadai kuitunga, bali anakiri kwamba aliletewa. Kisha katika kuvuka bahari huyo bibi mwenye mume amegeuka binti, bila talaka kusomwa.

Njia ya kuvuka si siri. Watu wa Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, walikuwa wakienda Uskoti kila msimu kufanya vibarua vya mashambani, na waliporudi walirudi na lahani pamoja na ujira. Ndiyo maana rekodi ya kwanza niliyokutumia, iliyo ya mtindo wa Donegal, ina upinde mfupi na mkavu, na pale sauti inapotakiwa kukaa, mpigaji huikata vipande vitatu vya haraka. Ya pili ni ya mtindo wa Sligo, jimbo jingine la Ayalandi: upinde unateleza, na sauti ile ile ndefu huzungushwa kwa vidole, ikipanda hatua moja, ikirudi, ikishuka hatua moja, ikirudi tena, yote kwa kufumba na kufumbua. Lahani ni moja, ila mkono si mmoja.

Ulilolisikia wewe kuwa ni kasoro, kwamba "haimalizi", mimi naliona ndilo pambo lake. Ikipigwa katika G, sehemu zote mbili huishia kwenye A, hatua moja juu ya sauti ya msingi, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kuingia. Sikio linadai kurudi, na kurudi huko ni kuianza upya. Wachezaji ngoma wanafaidi, kwani haiwaachii nafasi ya kusimama. Anayetaka kumaliza hana budi kuongeza G yake mwenyewe mwishoni. Hapa Galway, kwenye vikao ninavyohudhuria (mimi na kikombe changu cha chai), wapigaji hutazamana kwanza ili waiweke pamoja, na bado mmoja hukosa.

Rekodi ya tatu ni ya Marekani. Huko imepata maneno na majina mengine, mojawapo "Hop High Ladies", ambalo mpiga banjo Uncle Dave Macon wa Tennessee aliliimba kwenye santuri mwaka 1927. Na huko huko Marekani, Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork, Ayalandi, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, aliiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1903 chenye vipande 1,850. Kitabu hicho kilirudi Ayalandi na kuheshimiwa mno, hata leo wako wanaokitumia kukatia shauri. Mimi sikifanyi kadhi: kinaonyesha mifupa ya lahani, hakionyeshi upinde.

Kwa hiyo, ukinilazimisha kuchagua, anza na ya Donegal. Iko karibu zaidi na Uskoti ilikotoka, na upinde wake mkavu utakusahaulisha kwa muda ule mvuto mrefu wa taarab uliouzoea. Ipige mara tatu mfululizo bila kupumzika, uirekodi, unitumie, nisikie hiyo G ya mwisho umeiwekaje.

Wasalaam,
Nduguyo Suleiman