Si jini, shoga yangu

Leicester, Novemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum. Mama hajambo? Wanangu hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza na jua linazama mapema mno. Natoka kazini taa za barabarani zimewashwa zamani.

Nimeona niandike barua badala ya kukutumia sauti. Simu yako inashikwa na watoto, na haya si ya watoto. Anakuletea mdogo wa mume wangu Salum, anasafiri kesho kutwa. Isome ukiwa peke yako, mlango umefunga.

Tangu uliponieleza habari za yule bibi harusi uliyemfunda, aliyerudi kwao siku ya tatu, sijapata usingizi wa maana. Ulisema akiguswa tu anapiga kelele kama mtu aliyetiwa pilipili kwenye kidonda, na kwao wameshakata shauri kuwa ni jini mahaba, wanatafuta fundi wa kumpunga. Mwanaidi, binti huyo ni mimi. Nimekuwa yeye miaka 11.

Mwaka jana nilikwambia nimepasuliwa uvimbe kwenye kizazi. Uliniombea dua, ukanitumia na doti ya kanga. Nilikudanganya, na naomba unisamehe. Sikuwa na uvimbe. Nilikatwa ngozi ya pale kwenye mlango wa uke, kwa sababu ilikuwa inaniuma tangu usiku wa harusi yangu. Niliona haya hata kwako wewe, tuliyevunja ungo mwaka mmoja.

Fungate yangu wewe unaikumbuka kwa ngoma na biriani. Mimi naikumbuka kwa beseni la maji ya uvuguvugu uani, nikilikalia alfajiri kabla watu hawajaamka. Somo wangu aliyenifunda, Mungu amrehemu, aliniambia mvumilivu hula mbivu. Huuma mara ya kwanza, huuma ya pili, ukishazaa yamekwisha. Hakuwa na ubaya, alinipa alichopewa na wakubwa wake. Basi nikavumilia. Nikajiosha kwa maji ya shabu, nikakaa juu ya mvuke wa majani, nikafukizwa, nikanywa kombe. Kila kitu kilizidisha moto. Ule uchungu haukuwa wa ndani, ulikuwa pale pale mlangoni. Umewahi kupasuka mdomo kwa kipupwe ukasahau ukala embe bichi na ndimu? Ndivyo. Hata pedi ilinikwaruza. Hata kukaa daladala kutoka Ngamiani mpaka Pongwe.

Nilipohamia huku nilidhani mambo yamekwisha. Nilitibiwa fangasi mara nyingi, mara nyingine bila hata kupimwa. Daktari mmoja alinishauri ninywe glasi ya mvinyo kabla, nitulie. Nilikuwa nimekaa mbele yake na mtandio wangu kichwani. Nilitoka nikalia kituo cha basi, na baada ya hapo nilikaa karibu miaka miwili bila kumwambia mtu yeyote tena.

Aliyenifungua ni daktari mmoja wa kina mama, mwanamke mpole sana. Hakuingiza chombo chochote. Alichukua kijiti cha pamba, vile vya kusafishia masikio, akachora duara kwenye karatasi kama uso wa saa. Akasema atanigusa mahali mahali, na mimi nitaje uchungu ni ngapi kutoka 0 hadi 10. Kwenye mapaja, 0. Mashavu ya nje ya uke, 0. Alipofika kwa ndani kidogo, upande wa chini, pale penye namba sita ya saa, ambapo sisi tungesema saa kumi na mbili, nilishindwa kutaja namba. Nilishika mkono wa nesi nikaubana mpaka baadaye nikamwomba radhi. Kijiti cha pamba, Mwanaidi. Kitu ambacho ukimpitishia mtoto mchanga shavuni haamki.

Halafu akaniuliza swali nililoona la ajabu: je, kitovu changu kinauma kikiguswa? Hapo nikakukumbuka wewe. Unakumbuka Raskazone, tukioga baharini, ulinichokonoa kitovu nikakupiga kofi ukaenda kunishtaki kwa mama? Daktari alinieleza kwamba ule ukingo wa mlango wa uke una ngozi yake mbali. Kwa lugha yao wanaita jina lenye maana ya ukumbi wa kuingilia, na mimi nilipoelewa nikapaita kibaraza, maana ndivyo palivyo, si ndani wala si nje. Wapo wanawake wanaozaliwa na mishipa ya fahamu mingi kupita kiasi kwenye kibaraza hicho, na baadhi yao kitovu nacho hakigusiki. Wengine huanza baadaye, baada ya fangasi za mara kwa mara, au mabadiliko ya homoni, au kovu. Pembeni ya ile duara akaniandikia jina la ugonjwa: vestibulodinia.

Nilimuuliza kama kuna mwingine duniani mwenye hali hii. Akaniambia mwaka 2003 kulitolewa utafiti uliofanywa Marekani, kwenye eneo la Boston. Waliulizwa karibu wanawake 5,000, na katika kila 100, kama 16 walikuwa wamewahi kukaa na maumivu ya huko chini miezi mitatu au zaidi. Na karibu wanne katika kila kumi ya hao hawakuwahi kwenda kutibiwa. Niliporudi nyumbani nilihesabu harusi zote nilizohudhuria Tanga. Niliacha kuhesabu, nikaswali.

Usidhani alinipeleka moja kwa moja kwenye kisu. Kwanza aliniachisha sabuni za kunukia, shabu na marashi yote huko, nikawa naosha kwa maji matupu. Akanipa mafuta ya lidokeini ya kutia ganzi, na vidonge vya amitriptilini dozi ndogo usiku, vya kutuliza mishipa ya fahamu. Nikaenda na kwa fundi wa mazoezi ya viungo. Wapo wanaopona hapo hapo. Mimi nilipata nafuu nusu nusu, na baada ya mwaka mzima ndipo tukazungumza habari za operesheni. Aliniambia wengi waliopasuliwa hupata nafuu kubwa, lakini si wote, nami nikakubali nikijua hivyo.

Operesheni yenyewe haina hadithi. Nililazwa kwa nusu kaputi. Wakakata ile ngozi ya kibaraza upande wa chini, umbo la mwezi mwandamo, kisha wakavuta ngozi laini ya ndani ya uke wakaishonea pale. Nyuzi zenyewe huyeyuka. Jioni nilikuwa kitandani kwangu.

Ninachotaka kukueleza ni baada ya hapo, kwa sababu hakuna aliyeniandaa.

Wiki ya kwanza nililala ubavu. Salum alikuwa ananunua mifuko ya njegere za barafu, tunaifunga kwenye kanga, ile yako ya korosho nyekundu, naiweka pale robo saa, naitoa. Kwenda haja ndogo nilimwagia maji ya vuguvugu kwa kopo huku nikikojoa ili isiwashe. Nesi aliponifundisha alidhani ni jambo geni kwangu, kumbe kopo nimelelewa nalo. Haja kubwa ndiyo ilinitisha, nikala matunda na kunywa maji kama ninayelipwa. Wiki ya sita daktari akatazama akasema mshono umepona vizuri sana. Akanigusa na kile kijiti pale penye namba sita. Sikuhisi uchungu, nilihisi kijiti tu. Nililia kwa furaha, Salum naye akalia.

Tukadhani tumemaliza.

Wiki ya kumi na mbili hivi tulijaribu, taratibu, kwa hiari yangu. Moto ukarudi. Si ule ule, ila mimi wakati ule sikujua tofauti. Nilijifungia bafuni nikaona nimekatwa mwili wangu bure. Siku zile nilikuwa sipokei simu zako, nikisingizia shifti za usiku.

Nikarudi kwa yule fundi wa mazoezi, mama wa makamo mwenye vidole vifupi vyenye nguvu. Hakunilaza kitandani. Alikaa mbele yangu akaniambia nikunje ngumi, niikaze, nisiachie. Yeye akaendelea kuniuliza habari za kazi, za Tanga, za mama. Dakika zikaenda. Kisha akasema, achia. Mwanaidi, vidole havikufunguka. Vilitoka kimoja kimoja, na kiganja chote kilikuwa kinauma ingawa hakikuwa na jeraha hata moja. Akasema, misuli yako ya huko chini imekunja ngumi miaka 11, daktari ametoa kilichokuwa kinaiogopesha, lakini misuli haina habari.

Nimepitia maneno mengi ya wataalamu, hayo ndiyo yaliyoniponya.

Basi tukaanza kuipa habari. Kwanza kupumua: hewa iingie mpaka tumbo lijae na huko chini kulegee, siyo kukaza. Huku wanawake wote wanaambiwa wakaze, mimi nilifundishwa kuachia. Kisha kuna seti ya vibomba laini vya silikoni, cha kwanza chembamba kama kidole cha mwisho, halafu vinapanda. Kila usiku baada ya isha, dakika kumi, na mafuta ya kutosha, mlango umefungwa. Sivyo vya kupanua kwa nguvu. Unakiweka, unapumua, unangoja misuli iamue yenyewe. Ikikataa, unarudi kwenye kile kidogo, hakuna kugombana. Na palikuwa na sehemu moja ya kovu, kushoto kidogo, ngumu kama punje ya mchele mbichi. Hiyo alinifundisha kuikanda kwa kidole gumba, kidogo kidogo. Ilichukua miezi ikalainika. Siku moja niliitafuta sikuiona.

Kipindi chote hicho tulikubaliana na Salum hakuna kujaribu. Nilimwambia wazi kwamba nikisema basi ni basi, na hatakiwi kununa. Hakununa. Kuna usiku aliniambia kuwa miaka yote ile alidhani namchukia, nikivumilia huku nimeuma meno, naye anaona. Kumbe uvumilivu wangu ulikuwa unamuumiza na yeye, na kila mmoja alinyamaza kumhifadhi mwenzake.

Leo ni mwezi wa ishirini tangu nipasuliwe. Navaa nguo niitakayo, nakaa kwenye basi, naendesha baiskeli kwenda kazini. Na mume wangu, alhamdulillahi, nakaa naye kama mke, na mara nyingi hakuna uchungu wowote. Ziko siku, nikichoka sana au nikiwa na wasiwasi, nahisi ngumi inataka kukunjwa. Nikiihisi nalala chali, napumua, inaachia.

Sasa huyo binti. Nakuomba, kwa mapenzi yetu, uende kwao kabla ya huyo fundi wa kupunga. Wewe ni somo wake, watakusikiliza. Mkalishe peke yake umuulize pole pole: uchungu uko mlangoni au ndani? Kabla ya harusi, alikuwa akiosha au akivaa pedi, ilimuuma? Amejipaka nini, shabu, ndimu, dawa gani? Aache vyote. Na asilazimishwe, wala siku moja, wala kwa kuoneana haya na wakwe. Kila akilazimishwa ngumi inazidi kukaza. Mumewe naye aitwe na mtu mzima mwenye busara aelezwe kwamba hakataliwi.

Kisha aende hospitali ya Bombo kwa daktari wa kina mama. Anaweza kuwa na hali tofauti kabisa na yangu: fangasi, kidonda, kizinda kilicho kigumu, au misuli peke yake. Kila moja ina tiba yake, na operesheni kama yangu ni ya wachache, tena mwisho wa yote. Wakishindwa hapo, waulizie Muhimbili, wasikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya fangasi ya tano. Mwambie aombe kuguswa na kijiti cha pamba, na aseme uchungu ni ngapi. Akiwa na hofu nipigie, niongee naye mimi, saa yoyote.

Na wale wengine watakaokuja kwako kufundwa, Mwanaidi, usiwaambie huuma ukivumilia hwisha. Waambie ikiuma waje kwako.

Ndani ya bahasha nimeweka ile karatasi ya duara, yenye namba za uchungu wangu na jina la ugonjwa kwa mkono wa daktari. Mpe binti aende nayo hospitali, imsaidie pale atakaposhindwa kusema. Juu yake pana jina langu kamili. Jana nilichukua mkasi nilikate, nikaurudisha. Nimeliacha.

Msalimie mama, na watoto wote.

Wako,
Zuhura