Barua kwa Mwajuma: Pointi Sita za Rehema

Isevya, Tabora

Shoga yangu Mwajuma,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mama anakusalimu, na dagaa wako wameshaliwa wote. Habari za msiba wa Ujiji nilizipata kwa Bi Tatu, Mungu amrehemu mzee wetu. Lililonikalisha kuandika ni Rehema wa kaka Haruna.

Matokeo yake ya kidato cha sita ni Biolojia C, Fizikia D, Kemia E. Pilau lilipikwa. Kijana wa stesheneri akajumlisha: tatu, mbili na moja, pointi sita; udaktari unataka sita, basi anapita. Akamjazia udaktari mtupu kila chuo. Majina ya awamu ya kwanza yametoka, Rehema hayumo popote. Hali chakula, halali usingizi, na baba yake anasema kuna mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu, Mwaju. Nimekisoma mwenyewe kitabu cha TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa udaktari kila somo linajisimamia, na E ya Kemia haifunikwi na C ya Biolojia. Kinachoniuma ni mtoto kujiona amefeli, wakati C na D yake peke yake ni pointi tano, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni nne kwa masomo mawili. Nikamwambia aangalie kozi za misitu pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Akanijibu, "Shangazi, miti haiumwi homa." Tulicheka, kisha akalia.

Ndipo nikakukumbuka wewe na diploma yako ya utabibu. Miaka mitatu, unaingia kwa cheti cha kidato cha nne, na huko Kemia yake ni C! Akimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba udaktari kwa mlango huo. Lakini Haruna hataki kusikia. "Mtoto wa fomu siksi akakae darasa moja na wa fomu foo?" Anataka arisiti Kemia. Sikatai, ila mwaka mzima nyumbani, na ile posa ya kule Urambo inavyozungukazunguka... unanielewa.

Nikimtajia ada ananyamaza. Nimemwambia tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha na baadhi ya kozi za diploma, akasema hayo ni maneno ya redioni. Narudi palepale: haya si kushuka, ni kuzunguka. Mimi haniamini. Wewe anakuamini tangu ulipomuuguza mama.

Utampigia Haruna? Mpigie jioni akishafunga duka. Wenzako waliopita diploma, kuna waliokwisha ingia udaktari? Ada yenu mlilipa kwa mkupuo au kwa awamu? Chuo chako bado kinapokea, au Rehema aombe kwingine? Na akipata huko Kigoma, utakaa naye mpaka apate hosteli? Nijibu upesi, madirisha ya maombi hayakawii kufungwa.

Wako,
Asha